Kumfundisha Mtoto Kuandika Barua ya Shukrani

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 17:11–19, Wafilipi 2:25–30, Wafilipi 4:10–20, Mathayo 6:1–4, Kumbukumbu la Torati 26:1–11, Marko 14:3–9.

Fungu la kukariri: Wafilipi 4:14. Likariri pamoja na watoto wako kutoka katika Biblia ya nyumbani.

Mkongo, wilayani Rufiji, iko upande wa kaskazini wa mto, ng'ambo ya Utete. Watu huvuka hapo kwa kivuko. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya ardhi ya juu, lakini mashamba yalibaki chini kwa kuwa rutuba huletwa na mto. Kwa hiyo maji yakipanda kupita kiasi, kama yalivyopanda Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, chakula cha mwaka mzima huzama kabla hakijavunwa, na nyumba zilizo pembezoni mwa bonde huingiliwa.

Juma hili tutatembea na familia ya mfano kutoka huko: bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wa darasa la nne. Maji yalipofika mlangoni walipanda kwa jirani aishiye juu zaidi, mzee Mwislamu ambaye mtoto humwita Babu. Walikaa kwake majuma matano. Baadaye ndugu wa kanisa kutoka Dar es Salaam walituma mzigo wa madaftari na kalamu kwa watoto wa Shule ya Sabato. Sabato iliyofuata mwalimu wa watoto aliandika barua ya shukrani ubaoni, nao watoto wakainakili wote, neno kwa neno. Mjukuu huyu alimaliza wa kwanza, kwa mwandiko mzuri. Kisha akauliza, "Mwalimu, na Babu tunamwandikia lini?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Somo la juma hili ni la kumsaidia kulipata.

JUMAPILI: Aliyerudi

Soma Luka 17:11–19. Wakoma kumi walipona. Je, wale tisa walikosa nini?

Tusiharakishe kuwahukumu. Yesu aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walikuwa wakienda. Kwa kipimo cha agizo, wale tisa ni watiifu. Yule wa kumi ndiye aliyekatisha safari. Hakuna mahali ambapo Yesu alikuwa amesema, "Mkipona, rudini mniambie asante." Msamaria huyu alirudi kwa sababu aliona. Luka anaeleza hivyo katika fungu la 15: kwanza aliona kwamba amepona, ndipo akarudi.

Watoto wengi hujifunza shukrani kwa njia ya wale tisa. Mtoto anapewa andazi, mama anamfinya bega: "Unasemaje?" Mtoto anasema asante huku macho yako kwenye andazi. Si vibaya, adabu nayo ni lazima ifundishwe, na mtoto asiyejua kusema asante ataona taabu mbele ya watu. Lakini huo ni utii tu. Kuona kunafundishwa kwa njia nyingine, na huchukua muda. Barua husaidia kwa sababu haiwezekani kuandika huku unatazama andazi. Mtu akishika kalamu analazimika kukumbuka.

Angalia pia kwamba aliyerudi alikuwa mgeni, mtu wa imani ambayo wasikilizaji wa Yesu hawakuiheshimu. Wema na shukrani havikai ndani ya kuta za kusanyiko letu peke yake.

Tafakari: Ni lini mara ya mwisho wewe mwenyewe ulirudi kwa mtu, baada ya shida kwisha, kwa ajili ya kumshukuru tu?

JUMATATU: Barua kutoka kifungoni

Soma Wafilipi 4:10–20 polepole, ukiwa na kalamu. Hii ni barua ya shukrani. Paulo amefungwa, kanisa la Filipi limemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, ambaye aliugua karibu kufa kwa ajili ya kazi hiyo (Wafilipi 2:25–30). Sasa anarudi kwao, na barua imo mkononi mwake.

Tazama jinsi Paulo anavyoandika. Anataja kitu na aliyekileta (fungu la 18). Anataja historia: tangu alipotoka Makedonia hakuna kanisa jingine lililoshirikiana naye hivyo, na hata alipokuwa Thesalonike walimtumia zaidi ya mara moja (mafungu ya 15 na 16). Alikuwa amehesabu. Miaka imepita, naye bado anakumbuka ni wapi na ni mara ngapi. Mtoaji akisoma hapo anajua kwamba alichotoa hakikupotea.

Anasema ukweli kuhusu hali yake pia. Hajidhalilishi ili ahurumiwe, wala hajidai kwamba hakuwa na dhiki. Amejifunza kuridhika akiwa na vingi au akiwa na vichache, na bado anaiita dhiki kwa jina lake. Kisha, katika fungu la 17, anaondoa wasiwasi ambao kila mtoaji huwa nao: haandiki ili apewe tena.

Jambo linaloshangaza ni hili. Katika mafungu haya kumi na moja, kitenzi cha Kigiriki cha kushukuru hakimo. Paulo anakitumia mwanzoni mwa waraka (1:3), akimshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini anapofikia zawadi yenyewe anasema kwamba alifurahi, kisha katika fungu la 14 anawaambia kwamba walitenda vema kuishiriki dhiki yake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulipenda fungu hilo. Neno letu "asante" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni "umefanya vyema". Kila siku tunalitamka sokoni, kwenye daladala, kwenye kivuko, bila kusikia kilichomo ndani yake. Asante ni kumwambia mtu kwamba tendo lake lilikuwa jema. Na ili kusema tendo lilikuwa jema, ni lazima kulijua tendo lenyewe. "Asanteni kwa yote" inafaa mwisho wa sherehe. Katika barua ni maneno matupu.

Tafakari: Chukua wema mmoja uliotendewa mwaka huu. Je, unaweza kutaja kitu, mahali, siku, na mtu aliyekileta?

JUMANNE: Mtoto na kalamu

Turudi Mkongo. Mtoto yuko tayari kumwandikia Babu. Afundishweje?

Shuleni amekwisha kufundishwa barua ya kirafiki: anwani upande wa kulia juu, tarehe chini yake, kisha salamu, utangulizi, kiini na hitimisho. Ni mafundisho mema, naye atayahitaji kwenye mtihani. Lakini mpangilio huo ukitangulia, mtoto atajaza nafasi kwa maneno aliyoyakariri: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi ni mzima wa afya." Babu anaishi hatua mia mbili. Hali yake inajulikana.

Afadhali kuanza kwa mazungumzo, kalamu ikiwa bado mezani. Mwulize mtoto: Babu alifanya nini? Akijibu "alitusaidia", uliza tena: ulikuwa unalala wapi? Nani aliamka kwanza asubuhi? Mlikula nini siku ya kwanza? Kuna jambo uliliona ambalo Bibi hakuliona? Swali la mwisho huleta mengi, kwa kuwa watoto huona yale ambayo wakubwa wanadhani yamefichika.

Kisha mwache aandike mwenyewe. Barua ya mtoto wa darasa la nne inaweza kuwa hivi:

"Babu shikamoo. Sisi tumesharudi nyumbani na ukuta wa jikoni umekauka. Kule kwako nilikuwa nalala karibu na mlango. Usiku ulikuwa unatoka na tochi kwenda kuangalia maji yamefika wapi halafu unarudi polepole ili tusiamke. Mimi nilikuwa sijalala nilikuwa nakuona. Ukirudi ndio nalala. Bibi alisema magunia yako uliyatoa chumbani ukayaweka barazani ili sisi tupate nafasi na moja likalowa. Ule mkeka mpya wa ukindu mimi ndiye niliyeumwagia uji. Sikusema. Asante Babu. Mjukuu wako."

Barua hii haina anwani, wala tarehe, na alama za uandishi zimepungua. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angepata kazi. Asiishike. Kosa la herufi linaweza kusahihishwa mtoto akiomba, na akitaka kunakili upya kwa usafi anakili. Lakini asiambiwe aondoe habari ya uji, wala asiongezewe sentensi ya mtu mzima katikati, kama "tunakuombea kwa Mungu akuzidishie pale ulipopungukiwa". Mpokeaji hutambua mara moja sentensi ambayo si ya mtoto.

Asiyejua kuandika bado achore. Mtoto wa miaka minne akichora tochi na mtu, kisha akaeleza mchoro wake huku mama akiandika chini maneno yaleyale aliyoyatamka, hiyo ni barua kamili. Karatasi nusu inatosha. Kwa mtoto mdogo, sentensi tatu ni nyingi: nilipewa nini, nilikifanyia nini, nakumbuka nini juu yako.

Na kama mpokeaji hasomi, au macho yamepungua nguvu? Barua hiyo haihitaji posta. Mtoto aichukue mwenyewe, kama Epafrodito, aisome kwa sauti mbele ya mwenye nayo, kisha amwachie.

Tafakari: Kwa nini ni vigumu kwa mzazi kuiacha barua ya mtoto ibaki jinsi ilivyo?

JUMATANO: Barua iliyo ubaoni

Soma Mathayo 6:1–4. Yesu anamwonya mtoaji asipige tarumbeta. Je, onyo hili linamhusu pia anayepokea msaada kwa niaba ya watoto?

Linamhusu sana. Mtoaji anaweza kuwa ametoa kwa siri, kwa moyo safi, na sisi tunaopokea tukampigia tarumbeta kwa kuwatumia watoto. Tunawapanga mstari, kila mmoja ameinua daftari lake, tunapiga picha, tunaandika barua moja ubaoni. Mara nyingi barua hiyo huwa na mwisho wake maalumu: "Tunaomba mzidi kutukumbuka, kwa kuwa bado tuna upungufu wa viatu na sare." Mwenye kuandika hivyo ameandika ombi na kuliita shukrani. Hakuna dhambi katika kuomba. Kanisa likiwa na uhitaji, baraza na liandike barua ya maombi, watu wazima waitie sahihi. Lakini mtoto asifundishwe kwamba asante ni mlango wa kuombea kingine. Akijifunza hivyo akiwa na miaka tisa, atakapofikia thelathini hakuna atakayeamini asante yake.

Hilo halina maana kwamba ndugu wa Dar es Salaam wasiandikiwe. Waandikiwe, wao pia walifanya vema, na walifanya bila kuwajua watoto kwa sura. Ila mwalimu aufute ubao. Aulize kila mtoto: daftari lako umeandika nini ukurasa wa kwanza? Mmoja atasema hesabu, mwingine atasema nimechora kiboko, mwingine atakiri kwamba daftari amempa mdogo wake. Hayo ndiyo ya kuandika. Barua kumi na mbili zisizofanana, hata zikiwa fupi na zenye madoa, zina thamani kuliko thelathini zilizonakiliwa. Asiye na la kusema leo asilazimishwe. Anaweza kukunja bahasha, au kuchora mpaka wa karatasi.

Tahadhari moja ya ulinzi wa watoto: barua za kwenda mbali zipitie kwa mwalimu, zisiwe na namba ya simu wala maelekezo ya nyumbani kwa mtoto, na picha isitumwe kabla mzazi hajakubali.

ALHAMISI: Kapu na maneno

Bibi alipoambiwa habari ya barua kwa Babu, hakufurahi. Alisema barua ni ya mtu wa mbali. Jirani hashukuriwi kwa karatasi. Ukimwandikia barua mtu mnayechota naye maji kisima kimoja, ni kama unamlipa ili deni liishe, au unamwambia yeye si wa nyumbani. Yeye Bibi alikuwa na mpango wake: maji yakishuka atapanda mahindi ya mlau kwenye udongo ulioachwa na mto, na kapu la kwanza litakwenda kwa jirani, bila hotuba.

Mwalimu asimpuuze bibi huyu. Pwani na bara, wazee wengi wangesema kama yeye, na wanasema jambo la kweli. Kuna shukrani ambayo hufanywa kwa jembe, kwa kuhudhuria msiba, kwa kuchota maji mwenyeji anapougua. Mtoto aliyeandika barua nzuri kisha akapita mbele ya Babu bila kumpokea mzigo wa kuni, amejifunza kuandika tu.

Soma Kumbukumbu la Torati 26:1–11. Mwisraeli anapoleta malimbuko, analeta kapu. Je, kapu peke yake linatosha?

Mungu angeweza kusema kapu linatosha, kwa kuwa Yeye anajua kila kitu. Lakini aliagiza kwamba mtu aseme pia. Aeleze baba zake walikotoka, walivyoteswa, walivyotolewa, walivyofikishwa katika nchi. Kapu liko chini mbele ya madhabahu, na maneno yanaeleza kwa nini liko pale. Zaidi ya hayo, fungu la 11 linamtaja mgeni aliye kati yao, naye anakaribishwa katika furaha ileile. Mtoto anayesimama karibu na baba yake siku hiyo anasikia habari ambazo kapu lisingemwambia.

Basi bibi na mjukuu hawana haja ya kushindana. Bibi ana kapu, mjukuu ana maneno. Wanaweza kwenda pamoja, mahindi yakikomaa, au mtoto atangulie na barua yake, kwa kuwa mlau huchukua miezi na Babu ni mzee.

Na neno moja kwa ndugu wenye bidii ya uinjilisti: usitie kijitabu cha mahubiri ndani ya barua hiyo. Babu akitaka kujua mnaamini nini atauliza, na watu waliolala nyumbani kwake majuma matano wamekwisha kumwonyesha mengi, mema au mabaya. Akikuta kijitabu ndani ya shukrani atadhani shukrani ilikuwa chambo.

Tuseme mtoto alikwenda. Alimkuta Babu barazani anasuka kamba. Alimwamkia, akasimama, akasoma kwa sauti ya darasani, haraka mno, mpaka alipofika kwenye uji. Hapo sauti ikashuka. Babu aliendelea kusuka mpaka mwisho. Kisha akanyosha mkono apewe ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kanzu.

"Mkeka niliuona asubuhi ileile," alisema. "Nikasema huyu siku moja ataniambia."

IJUMAA

Jifunze zaidi: Soma Marko 14:3–9, kisha sura ya karamu nyumbani kwa Simoni katika kitabu cha Ellen G. White, *Tumaini la Vizazi Vyote*. Mwandishi anaonyesha kwamba wengi huwapa wafu maneno ya upendo ambayo wangeyahitaji walipokuwa hai, na kwamba Mariamu alileta marhamu yake Yesu akiwa bado anaweza kuifurahia. Tunajua hali hiyo katika misiba yetu. Risala ya marehemu husomwa ndefu, yenye mambo mengi mema yaliyotajwa kwa tarehe na mahali. Mara nyingi yeye mwenyewe hakuwahi kusikia hata moja.

Maswali ya kujadili:

Wale wakoma tisa walitii. Darasani kwenu, mnafundisha watoto utii wa namna hiyo zaidi, au kurudi kwa yule wa kumi? Toeni mfano wa Sabato iliyopita.

Bibi alisema jirani hashukuriwi kwa karatasi. Wazee waliomo kikundini waeleze walivyofundishwa kushukuru walipokuwa watoto. Vijana wasikilize kwanza, kisha waseme ni nini wangependa kiendelee na ni nini wanaona kimepungua.

Je, kanisa lenu limewahi kupiga picha watoto wakiwa wameshika msaada? Aliyekuwa mtoto wakati huo, kama yupo, aeleze alijisikiaje. Msimkatize.

Mgawieni kila mmoja nusu karatasi, wakubwa kwa watoto. Kila mtu amwandikie mtu mmoja anayeishi karibu kiasi cha kumfikia kwa miguu kabla jua halijazama, na ataje tendo moja tu. Mtamwandikia nani, na nani atawapelekea wale wasioweza kutembea?